Maswali ya Bi Kwanini

Hakuna aliyependa vikao kama Bi Kwanini, na hakuna aliyesingiziwa kama yeye kwa kupenda huko. Watu walidhani ni posho. Loo, posho! Mwanamke aliyesimamia famasia ya hospitali kubwa miaka thelathini, ana nyumba yake, ana pensheni yake, leo akimbilie bahasha? Lakini ndiyo hivyo. Ukikaa kwenye bodi ya kampuni ambayo hisa zake zinauzwa sokoni, malipo yako huchapishwa kila mwaka, asome anayetaka. Wanahisa wakiona umehudhuria vikao vyote kumi na viwili, hawakosi la kusema.

Kampuni yenyewe ilitengeneza dawa kutokana na chembe hai. Ilikuwa na dawa moja tu, ya ugonjwa wa damu unaomaliza watoto taratibu, nayo ilikuwa bado inajaribiwa kwa wagonjwa. Bi Kwanini aliongoza kamati ya malipo. Kamati ilikuwa ya watu watatu: yeye, mwanasheria mmoja, na meneja mstaafu wa benki. Walipanga wakubwa walipwe nini na wakurugenzi wa bodi wapate posho gani. Tena walihakikisha mkurugenzi mtendaji hapewi bonasi kwa lengo ambalo halijafikiwa.

Basi hapo kwenye kuhakikisha ndipo yalipokuwa maisha yake. Kila mwezi aliletewa nyumbani kabrasha nene la taarifa za maabara. Alilisoma mezani, kwenye kiti alichozoea kukalia marehemu mumewe, akiandika maswali pembeni kwa penseli. Kwa nini wagonjwa wawili wamejitoa? Kwa nini joto la friji lilipanda Jumanne? Ndiyo maana maabara walimbatiza jina hilo. Akimaliza kuandika alijiona kama ameongea na watu. Binti yake aliishi nchi nyingine, mtoto mzuri, hana ubaya, ila kila alipopiga simu alikuwa mbioni. "Mama, nakupigia baadaye kidogo." Baadaye hiyo ilikuwa na wiki mbili ndani yake. Lakini majibu ya maabara yalikuja kamili, kurasa kwa kurasa, na juu kabisa yameandikwa: "Asante, Mwenyekiti, kwa maswali yako mazuri." Aliyaamini maneno hayo, maskini.

Asubuhi hiyo kikao kilianza saa tatu kamili. Mkurugenzi mtendaji hakuzunguka mbuyu.

"Pesa za jaribio zitaisha miezi minne kabla ya matokeo," alisema. "Mimi bonasi yangu isubiri. Nilipwe kwa hisa, na dawa ikishindwa nisipate kitu. Na nyie, wazee wangu, naomba muache posho za vikao mpewe hisa kidogo, na vikao vishuke kutoka kumi na viwili hadi vinne kwa mwaka. Mkikataa, jaribio litasimama." Akatoka nje, maana mtu hakai kusikiliza malipo yake yakijadiliwa. Alibaki mkuu wa maabara, mwanamke kijana aliyechomeka kalamu kwenye nywele, ili ajibu litakaloulizwa.

Mwanasheria alikubali papo hapo. Mstaafu wa benki alimwinamia Bi Kwanini. "Mama, tushikane hapa. Hawa wanataka kututoa tonge mdomoni."

Bi Kwanini alijisikia vibaya kutiwa chungu kimoja na huyu bwana. Mmoja kakubali, mmoja kakataa, uamuzi ukawa wake. Vikao vinne! Miezi mitatu mizima bila kabrasha, bila mtu wa kumuuliza neno. Moyo ulimwenda mbio kama wa mtoto aliyeachwa sokoni.

"Posho futeni," akasema. "Zote. Mimi sitaki hata senti. Lakini vikao vibaki kumi na viwili. Nitakuja bure."

"Bure?" mstaafu wa benki alimkodolea macho. "Mama, unaumwa?"

"Shida si posho peke yake, Mama," mwanasheria alisema kwa upole, akamgeukia mkuu wa maabara. "Hebu mwambie."

"Jamani, mimi tena?"

"Niambie tu, mwanangu," alisema Bi Kwanini.

Yule binti alitazama meza. "Kuandaa kabrasha kunakula muda. Wiki nzima kila mwezi, watu sita."

"Na maswali yangu?"

"Maswali yako ni mazuri sana, Mama."

"Sijauliza kama ni mazuri. Nimeuliza yanachukua siku ngapi."

"Siku nne juu ya hiyo wiki. Mwezi uliopita tano." Sauti ilishuka. "Sampuli za wagonjwa zinakaa zinatungoja."

Aibu ilimpanda Bi Kwanini mpaka masikioni. Na chini ya aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Miaka mitano alidhani kuna watu wanamngoja. Kumbe walikuwa wanangoja amalize.

Angeweza kusema ukweli. Nyumbani kwangu hamna mtu, basi, maneno manne tu. Alifungua hata mdomo. Lakini nani anasema hayo mbele ya mwanasheria na kiyoyozi? Akapiga moyo konde, akanyoosha mkono.

"Nakubali pendekezo. Lote."

"Mama!" mstaafu wa benki aling'aka. "Umenigeuka?"

Bi Kwanini alitoa mkobani karatasi ya mwezi huu, maswali thelathini na moja, akaisukuma kwa yule binti. "Haya yalikuwa ya leo. Msiyajibu."

"Yote, Mama?"

"Yote. Ila la friji, liangalieni. Si lazima mniandikie."

Binti alijitahidi kuonyesha masikitiko, lakini furaha ilimponyoka usoni kabla hajaizuia. Bi Kwanini aliiona. Akatabasamu naye, na kulihitaji nguvu.

Mkurugenzi mtendaji alirudi, akamshika Bi Kwanini mkono kwa mikono miwili. "Umetuokoa, Mama." Kisha kila mtu na simu yake, kila mtu na njia yake. Siku zote vikao viliwaweka mpaka alasiri, wakala pamoja kwenye meza ile ndefu, mstaafu wa benki akisimulia visa vyake vya uongo. Leo kikao kilikwisha saa nne na nusu asubuhi.

Akashuka, akaingia kwenye teksi, akaweka mkoba mapajani. Jua lilikuwa bado la asubuhi.

"Nyumbani, Mama?" dereva aliuliza.

"Hapana. Zunguka kwanza."

"Tuzunguke wapi?"

"Popote, mwanangu," alisema Bi Kwanini. "Wewe endesha tu."