Sindano za Uanaume

"Sindano unachoma?" aliuliza Daktari Mufaddal.

Jabir akageuza uso dirishani. Alikuja hospitali ya Wete kimyakimya ili watu wa Konde, kwao, wasimwone, na sasa kaulizwa jambo lile lile alilokuwa akilificha. Mwanamume wa kifua kile, utingo wa gari la abiria anayepandisha gunia la karafuu juu ya paa peke yake, akajibu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. "Kidogo, daktari."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

Basi akasema. Alizianzia jimu, kwa Mabruki, anayewauzia wanyanyua chuma. Sindano za testosteroni, homoni ya kiume. Mwili ukajaa, watu wakamsifu. Yumna mkewe alipomaliza mwaka bila kushika mimba, Jabir akawaza kwamba mtoto hutokana na uanaume, basi na auongeze. Akazidisha sindano. Mwaka wa pili kimya, akazidisha tena. Wanaume, Mungu atuhurumie! Tukipotea njia hatuulizi, tunakaza mwendo.

"Sikiliza, ndugu yangu," daktari alisema. "Chini ya ubongo pana kitezi kidogo kama punje ya choroko, kinaitwa pituitari. Hicho ndicho kinachotia homoni zake kwenye damu kuziamrisha korodani zifanye kazi, zitengeneze mbegu. Na wakati wote kinaionja damu. Kikiikuta imejaa testosteroni, kinanyamaza. Mtu akiletewa sahani na jirani kila siku, atakoka moto wa nini? Jiko linapoa. Kitezi chako kimenyamaza, korodani zimelala. Kwenye kipimo chako hatukuona mbegu hata moja."

"Lakini nguvu ninazo!"

"Nguvu unazo, za kununua. Mbegu hazinunuliwi."

Sindano ataziacha, daktari akamweleza, kwa uangalizi wake. Kitezi huenda kikaamka baada ya miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Wengi hupona, ila hawezi kumwapia. "Umefanya vizuri kuja. Mficha uchi hazai."

Jabir alirudi Konde roho inamuuma. Yumna alikwisha kupimwa mwaka jana, akaambiwa mzima, na yeye mumewe akamjibu kwamba hospitali haijui kila kitu. Akamwacha aendelee kunywa makombe ya mashehe, yale maji yaliyooshewa aya, na lawama zote zake.

Na alasiri hiyo ndiyo ya posa. Bi Kazija, mama yake, alishapanga watu waende Msuka kumposea mke wa pili. Asubuhi Yumna alimwambia mumewe, "Kuoa ni haki yako. Lakini ukioa kwa kuwa miye tasa, nipe talaka yangu kwanza." Jabir alimpenda Yumna, alimpenda kweli, akashika njia ya Wete.

Alimkuta mama yake mlangoni. "Umekawia wapi weye? Watu wa Msuka watungoja!" Ndani ami yake kashavaa kanzu na kofia, na Yumna ndiye anayewamiminia kahawa.

Jabir akasimama. Angenyamaza tu, nani angejua? Sindano angeacha, kitezi kingeamka, biharusi wa Msuka angezaa, na Konde nzima ingesema: si mnaona, tasa alikuwa Yumna! Wazo lile lilimjia likiwa tamu, akalionea haya.

"Posa haiendi," akasema. "Mwenye kasoro ni miye. Zile sindano za jimu zimenikausha mbegu."

"Astaghafirullahi! Nani kakuroga, mwanangu?"

"Sikurogwa, mama. Nimejichoma mwenyewe."

Ami akavua kofia, akaiweka mapajani. Bi Kazija akaufunga mlango haraka. "Basi yaishe humu humu ndani. Msuka tutawaambia ami yako anaumwa. Asijue mtu."

Yumna akalitua birika. "Humu ndani? Kwani miye niliitwa tasa humu ndani? Niliitwa arusini, niliitwa bombani kwenye maji, mpaka msibani wanawake wakinifichia watoto wao nisiwatie jicho!" Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Jabir, umenichafua nje. Nisafishe nje."

Bi Kazija alimshika mwanawe mkono. Jabir akautoa taratibu, akatoka.

Sokoni watu wamejaa, wengine wananunua samaki, na mbele ya jimu Mabruki kakaa na wenzake. "Bwana harusi huyo!" wakamshangilia. Jabir akapita katikati ya watu. Akaitoa ile sauti yake ya kuitia abiria.

"Yumna mke wangu si tasa! Asiyezaa ni miye, kwa sindano nilizojichoma!"

Mabruki akacheka peke yake. Mwanamke mmoja akaacha kuchagua samaki, akamgeukia.

"Hebu sema tena," alisema, "hatukusikia sote."

Jabir akasema tena.