Simu ya Cortland

"Nani atamchukua kijana mfupi vile awe kwotabeki wao, mrusha mpira mkuu?" jirani mmoja aliwahi kumuuliza Verlene mlangoni pa kanisa, kule Mississippi. Verlene alimjibu kwamba Mungu hapimi watu kwa futi.

Sasa ilikuwa siku ya mwisho ya timu kubwa za futiboli ya Kimarekani kuchagua wachezaji wapya, na mwanawe Cortland hajaitwa. Nyumba ilijaa ndugu, kambare wanakaangwa, simu iko katikati ya meza. Timu ikimtaka mtu humpigia kwanza, ndipo televisheni itangaze.

Simu ikalia. Cortland akapokea.

"Mwanangu, wamekuchukua?" Kumbe ni Shangazi Ozella.

"Shangazi, kata! Unaziba njia!"

"Nauliza tu, jamani!"

Nafasi zilikuwa zikiisha simu ilipolia tena.

"Huyu dada yangu nitamnyang'anya simu," baba mdogo wa Cortland alinguruma kutoka jikoni.

Cortland akapokea bila kutazama. "Shangazi, si nimekwambia ukate?" Halafu akaruka kitini. "Kocha! Nisamehe, mzee… Ndiyo. Hata leo nakuja!"

Kocha alikuwa akicheka hadi wote wakamsikia. Nyumba ikalipuka vigelegele. Verlene akazima jiko, akafuta mikono, akatoka kwenda uani kumshukuru Mungu wake.