Unajibu au Unasalimia?

Eno Serwaa alilelewa Mampong, huko Ghana, na mtu aliyelelewa Mampong akiulizwa hali yake hujibu kuwa ni njema, hata kama amebebwa kwenye machela. Kumlalamikia mgeni ni kukosa adabu. Kwa hiyo siku alipoketi mbele ya Sista Birago, muuguzi wa umri wa kitinda mimba wake, akaulizwa maswali kuhusu kizazi chake kilichoshuka, alijibu kama mtu mwenye heshima zake.

Anahisi kitu kikishuka anaposimama? Kidogo. Mkojo unamponyoka? Mara mojamoja. Na hayo yanamsumbua kiasi gani? Kidogo tu, Mungu ni mwema. Na huku amekalia paja moja, maana kukaa sawasawa alishasahau.

Upasuaji wa kukirudisha kizazi mahali pake aliutaka kuliko kitu chochote. Alikuwa akiuombea kanisani, amesimama nyuma kabisa, karibu na njia ya kwenda chooni.

Birago alijumlisha majibu, kisha akamwita mume wa Serwaa, mzee Dwomoh, mfumaji wa vitambaa vya kente aliyekuwa akisubiri barazani. Akawaeleza kwa upole kwamba daktari huyategemea sana majibu yale. Mwanamke anayeteseka sana kabla ya kisu ndiye mara nyingi hupata nafuu kubwa baadaye; anayesumbuka kidogo, huenda kisu kisimsaidie kitu. Majibu ya Eno yalisema avae pete ya mpira ya kukishikilia kizazi, asubiri, waonane mwakani.

Serwaa alisema asante. Akakaza kilemba chake.

Dwomoh hakuinuka.

"Sista, umemuuliza kwa nini alihama chumbani?"

"Baba Akua, acha," Serwaa alimnong'oneza.

"Tangu mvua za mwaka juzi analala jikoni, kwenye mkeka. Aliniambia nakoroma. Nimekunywa tangawizi, nimelalia ubavu, nimelalia tumbo. Nikasema basi, bibi amenichoka."

Serwaa alimtazama. Muda wote huo alimficha harufu ya mkojo, akavifua vitambaa vyake alfajiri kabla mzee hajaamka, akidhani anamstahi. Kumbe mzee wa watu alikuwa akilala peke yake na uchungu wake. Alimpenda huyu mwanamume na maneno yake mengi, na sasa alimwonea huruma kuliko alivyowahi kujionea mwenyewe.

"Si kukoroma kwako," alimwambia. "Unakoroma, lakini si kiasi cha kumhamisha mtu." Kisha akamgeukia Birago. "Mwanangu, hapo mwanzo nilikuwa nakusalimia tu. Niulize tena, nikujibu."

Birago akageuza karatasi, akaanza upya. Serwaa alijibu "sana", na "sana" tena, mpaka swali la mwisho. Dwomoh aliinamia vidole vyake, machozi yakimlengalenga.

Alipasuliwa kabla ya Pasaka. Aliporudi kuangaliwa, Birago alimsomea maswali yaleyale, na safari hii kila jibu likawa hapana. Hakuna kinachoshuka, hakuna kinachovuja, hakuna kinachomsumbua. Birago akaweka kalamu mezani.

"Eno, unanijibu au unanisalimia?"

"Muulize mzee wangu," alisema Serwaa, amekaa sawasawa kitini. "Leo asubuhi kaamka ananung'unika kwamba usiku kucha namnyang'anya shuka."