Togwa ya Kunegunda

Jumamosi ya mwisho ya Mei 2002, saa mbili asubuhi, kompyuta ya chama cha wakulima wa tumbaku pale Mfaranyaki, Songea, ilikataa kufunguka. Kioo kilidai namba ya siri ya msimu mpya, na namba hiyo ilikuwa kwa Tarakimu, kampuni ya Dar es Salaam iliyotengeneza programu.

Kunegunda, mhasibu wa chama, hakushangaa. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba Tarakimu inahodhi soko, na kwamba iwape wateja kumbukumbu zao wahamie programu waitakayo. Tarakimu ikajibu magazetini kwamba haitabadili hata herufi moja; anayetaka kuondoka aondoke mikono mitupu. Soko la tumbaku lilikuwa lifunguliwe Jumatatu. Bila majina ya wakulima ndani ya mashine hakuna ambaye angelipwa, na chama kingerudi Tarakimu kwa magoti.

Programu nyingine ilikuwepo, kazi ya Majaliwa, fundi kutoka Tunduru, ila ilikuwa tupu. Basi Kunegunda alifanya wanachofanya kwao Umatengo shamba likimwelemea mtu: aliita ngokera, watu waje wamsaidie kazi na kunywa togwa. Togwa yenyewe alishaipika tangu Alhamisi. Makarani wa chama walikuja hata kutoka Namtumbo na kadi za wakulima kwenye viroba, wakakaa kwenye mashine zilizoazimwa parokiani, wakaanza kuchapa. Majaliwa aliwatania makarani Wangoni kwamba wanagonga vitufe kama wanaopalilia. Devota, karani wa Namtumbo, akamjibu kwamba mwokota korosho hawezi kujua palizi ni nini.

Adhuhuri aliingia Kajetani, wakala wa Tarakimu mjini, Mmatengo mwenzake Kunegunda. Alikuwa ametembea juani kutoka Ruhuwiko. Aliamkia, akapewa kikombe, akakimaliza kwa mkupuo mmoja, ndipo akatoa barua. Kampuni haiitambui hukumu, na huduma imekatwa.

Kunegunda aliisoma, akaikunja.

“Asante, mwanangu. Togwa umeionaje?”

“Tamu, mama.”

“Ni ya ngokera.”

Kajetani alitazama viroba, kisha kikombe. Kwao, aliyekunywa togwa ya ngokera haondoki kazi ikiwa bado. Makarani walikuwa wameacha kuchapa, wanamtazama.

“Ungeanza kuniambia, mama.”

“Nawe ungeanza na barua.”

Devota alicheka wa kwanza. Kajetani akavua koti, akaomba kiroba. Alichapa hadi jioni, na Jumapili baada ya misa alirudi bila kuitwa. Kadi ya mwisho ilipoingia, Majaliwa alisema Alhamdulillahi, na Kunegunda akasimama akamshukuru kila mmoja kwa jina. Jina la Kajetani alilitaja mwisho, akampa mkono kwa mikono yake miwili.

Jumatatu asubuhi Tarakimu walimpigia Kajetani simu kuuliza kama barua ilifika. Alisema imefika.

Saa nne mashine ilitoa stakabadhi ya kwanza. Mkulima wa Namtumbo alisoma jina lake, akaiweka mfukoni.