Upande wa Nyuma wa Postikadi

Kitu cha kwanza alichokigundua Wening ni kwamba yule mama hakuitazama picha. Wengine wote waliokuja kukagua postikadi za kale kabla ya mnada wa mjini Semarang walianza na picha. Mama huyu, Bu Lastri, aliigeuza kadi moja kwa moja, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha.

"Pak Darsono, maneno ya baba yangu yako wapi? Mwezi uliopita niliyasoma hapa hapa."

"Penseli ya miaka sitini hiyo, Bu," bwana mwenye mnada alicheka. "Hata mimi nimefifia, muulize mke wangu."

"Wewe umefifia akili. Haya yamefutwa."

Wening aliinamisha kichwa. Kazi yake ilikuwa kufuta bei za zamani, ambazo wauzaji huziandika kwa penseli nyuma ya kadi. Lakini shule aliiacha darasa la tatu, na mwandiko wa kuunganisha ulimshinda. Pak Darsono hakulijua hilo. Juzi Wening aliona haya kumuuliza ipi ni bei na ipi ni barua, akafuta kila kitu mpaka kadi ikawa nyeupe.

Bu Lastri aliirudisha mezani taratibu. "Basi sina cha kununua," akasema, akachukua mkoba wake.

Alikuwa ameshafika mlangoni Wening alipomkimbilia, uso umemshuka.

"Bu, ni mimi niliyeyafuta. Sijui kusoma mwandiko ule."