Jioni Yetu Moja ya Roma

Mume wangu Doru ana kasoro moja tu, na niliijua kabla hajanichumbia: hajui kukataa. Anaendesha gari la kusambaza mkate hapa Dorohoi, mji wetu mdogo wa baridi, na kwa kuwa ana gari, mtaa mzima umeamua kwamba gari ni la mtaa. Mitungi ya gesi, magunia ya viazi, bibi anayekwenda kung'olewa jino, vyote ni vya Doru. "Doru, unapita kule?" Hata kama hapiti, anapita. Siku aliyokuja kunivisha pete alichelewa kwa sababu alikuwa amempeleka mbuzi wa jirani kwa daktari wa mifugo, na pete yenyewe nikavishwa na mtu anayenuka mbuzi. Nilikubali hivyo hivyo. Nikajiambia nitamrekebisha mbele ya safari, kama wanawake wote wanavyojidanganya.

Harusi ikapita salama, tukabaki na wiki moja ya kupanga fungate. Tulikuwa tunakwenda Malta, na tiketi za bei ya chini zilipitia Roma: tufike mchana, tulale, kesho yake asubuhi tuendelee. Doru aliona huko kulala Roma ni usumbufu. Mimi niliona hiyo ndiyo fungate yenyewe.

Acha nieleze. Tunaishi kwa mama yake, chumba cha nyuma, ukuta wa mbao. Mama mkwe wangu Domnica ni mwanamke mwema, lakini ukipiga chafya upande huu, anakuombea afya upande ule. Huko Malta tulikuwa tunafikia kwa binamu yake Doru, mwenye mke, mapacha na sofa. Kwa hiyo hesabu ni rahisi. Katika ndoa yangu yote niliyoweza kuiona mbele yangu, nilikuwa na jioni moja tu. Nilitaka kukaa kwenye kiti cha mgahawa kando ya barabara, mimi na mume wangu, glasi mbili mezani, na asipite hata mtu mmoja anayetujua. Sikutaka makanisa, sikutaka magofu. Nilikuwa nimeshanunua na gauni, la njano.

Tatizo ni kwamba nusu ya mtaa wetu iko Roma. Wanawake wanatunza wazee wa Kiitaliano, wanaume wanajenga nyumba. Roma ni Dorohoi yenye jua.

"Doru," nikamwambia, "usimwambie mtu kwamba tunapitia Roma."

"Nimwambie nani mimi?" akasema.

Asubuhi akamwambia mwenye duka la kwanza alilopelekea mkate. Kufikia saa sita mchana, mtaa ulikuwa unajua mpaka namba ya ndege.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Aurora, msimamizi wetu wa ndoa. Kwetu msimamizi si mtu wa kushika mshumaa kanisani kisha akaenda zake. Anakuwa mzazi wako mwingine mpaka mmoja wenu azikwe, na neno lake halijibiwi kwa "lakini". Aliingia akikokota sanduku la kijani lenye magurudumu, kubwa kama jokofu.

"Mtasafiri na vibegi vya shule?" akasema. "Nawaazima hili langu."

Nikashukuru, nikalishika nilisogeze. Halikusogea.

"Nusu nimeshaweka vitu vya kaka yangu Costel," akasema. "Nyama ya moshi kidogo, kabichi ya chumvi, na mitungi ya mboga za kusaga. Nusu ya pili ni yenu."

Hiyo nusu ya pili ilidumu mpaka saa kumi. Watu walikuja wamekumbatia vifurushi kama wanakuja kutazama mtoto mchanga. Mmoja alileta soseji za mpwa wake. Mwingine akaleta pombe ya zabibu ndani ya chupa ya maji ya baraka, yenye msalaba kwenye kizibo, ili forodha waone haya. Jirani yetu Ilarie akaleta pasi ya umeme.

"Roma hakuna pasi?" nikamuuliza.

"Zipo, binti yangu, lakini hii wifi yako, yule msichana wangu wa huko, ameizoea."

Na Doru amesimama mlangoni, anapokea, anatabasamu, "Hamna shida, mjomba, hamna shida." Mimi damu inachemka. Gauni langu la njano lilikuwa juu ya kitanda likisubiri nafasi, na kila nikigeuka kuna soseji imekaa mahali pake.

Jioni hiyo Mama Aurora akarudi na habari kamili. Costel angetupokea uwanja wa ndege na gari lake la kazi. Kutoka hapo tungezunguka kugawa mizigo, kisha moja kwa moja kwenye karamu. Ukumbi ulishapatikana, watu arobaini, wote wa Dorohoi, ambao hawakuweza kuja harusini.

"Na gauni la harusi mlibebe," akaniambia, "na shela. Nao wanataka kumwona bibi harusi."

"Hamna shida, mama," akasema Doru.

Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji na soksi. Nilikuwa nalia, na sioni aibu kusema. Doru akanifuata na koti langu mkononi. Nikamwambia hivi: "Doru, nakupenda, lakini usiponitolea 'hapana' moja mbele ya Mama Aurora kabla ya Jumapili, ndege utapanda na kabichi. Mimi nabaki."

"Unatania."

"Nitazame usoni."

Akanitazama, akanivika koti.

Usiku ule tulianza mazoezi chumbani. Mimi nikawa jirani.

"Doru, mwanangu, nibebee kichwa kimoja cha kabichi."

"Hapa..." akasema. "Kikubwa kiasi gani?"

"Doru."

"Nauliza tu."

"Tena. Doru, nibebee pasi."

"Samahani sana mjomba, ningependa, kwa kweli ningefurahi, ila mke wangu..."

"Mke wako usimtaje. Sema hapana."

"Hapana," akasema, kwa sauti ya mtu aliyebanwa kidole na mlango.

Kutoka ng'ambo ya ukuta mama mkwe akakohoa. "Itolee tumboni, Doru," akasema. "Hiyo umeitolea puani."

Nikajua leo nimepata msaada nisiouomba. Asubuhi, wakati wa kumimina uji wa mahindi, Domnica aliniongezea jibini. Naye aliolewa akaingia kwa mama mkwe, miaka hiyo, ukuta ule ule.

Jumamosi tukaalikwa chakula kwa wasimamizi. Supu ikapita. Wakati wa nyama, Mama Aurora akaanza kupanga nani atakaa wapi kwenye karamu ya Roma, na kama Doru atavaa tai ile ile au nyingine. Doru akaweka uma chini. Nilimwona shingo inalowa jasho.

"Hapana, mama," akasema.

"Hapana tai ile, au hapana nyingine?"

"Hapana hatuendi."

Baba Ghiță, mume wake, akaacha kutafuna. Mama Aurora akanyanyuka, akazunguka meza, akamwekea Doru mkono kwenye paji la uso.

"Mtoto ana homa," akasema.

"Sina homa, mama. Hatuendi karamuni, na Costel asije kutupokea. Ile jioni ni ya mke wangu. Nimemwahidi." Hakuwa amemwahidi mtu, alitishwa, lakini niliipenda hiyo.

Mama Aurora akanitazama mimi, si Doru, kwa jicho lililonipima kuanzia kisigino. Kisha akarudi kukaa, akajimiminia mvinyo.

"Basi," akasema, "na sanduku langu nirudishieni."

Alilifuata mwenyewe jioni ile ile. Tukamwaga kila kitu juu ya kitanda chetu, akachukua vyake, akaondoka akilikokota kwenye theluji bila kuaga. Vilivyobaki ilibidi Doru avirudishe nyumba kwa nyumba, kwa gari la mkate, pasi, soseji na maji ya baraka. Alirudi amejikunja. Watu hawakumtukana, alisema, na hilo ndilo lililomuumiza. Ilarie alimwuliza kama kuna mtu amekufa.

Mimi sikujikunja hata kidogo. Niliimba. Tukabaki na begi moja dogo la mkononi, lile ndege inaloruhusu bila ya kulipia. Nikalikunja gauni la njano kama mtu anayekunja bendera, nikaweka na viatu, na nafasi ikabaki. Nilijiona malkia.

Jumapili, tumebakiza muda mfupi kwenda uwanja wa ndege wa Suceava, mlango ukagongwa. Alikuwa Saveta, bibi wa nyumba ya mwisho, ambako barabara inaishia. Safari yetu aliisikia kwa simu kutoka kwa binti yake aliyeko Roma, lakini kwamba mizigo imerudishwa hakusikia, kwa sababu haendi popote, anafuga mabata bukini tu. Mikononi ameshika mto wa kulalia, mkubwa, mweupe, ameufunga kwa mfuko wa plastiki usiingie theluji.

"Ni wa Catrina wangu," akasema. "Anasema mito ya huko ni migumu, usingizi hauji. Nimeushona kwa manyoya ya mabata yetu. Atawafuata yeye mwenyewe popote mtakapokuwa, msisumbuke."

Doru akanitazama. Sikumsaidia. Akavuta pumzi na ikatoka tumboni, kama alivyofundishwa.

"Hapana, bibi. Samahani. Hatuna sanduku."

"Ndiyo, mwanangu," akasema Saveta haraka. "Nilijua ni mkubwa. Nilimwambia ni mkubwa. Mwende salama, Mungu awabariki." Akamfuta Doru theluji begani, akageuka, akaondoka.

"Umeona?" Doru akaniambia. "Imetoka." Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyempiga mtoto.

Niliona. Na yule bibi nilikuwa namwona kupitia dirishani, anatembea pole pole katikati ya barabara, amekumbatia mto kwa mikono miwili ili usilowe. Catrina ana miaka hajarudi. Ajuza wa Kiitaliano anayetunzwa naye hawezi kuachwa hata siku mbili. Nikajiambia, Ilinca, kaa chini, funga begi, umepigana wiki nzima kwa jioni hii. Mto ukiingia, karamu imeingia. Nikajiambia na mengine. Kisha nikajitukana kwa sauti, nikatoka mbio na ndala za mama mkwe, nikamfikia Saveta karibu na kisima. Niliteleza nikaanguka mbele yake, kwa hiyo hakushangaa kuniona nikilia.

Niliporudi, Doru alikuwa amesimama mlangoni.

"Hiyo ni nini?"

"Usiniulize."

"Tulikubaliana hapana."

"Doru, ukisema hapana sasa hivi nakuacha."

"Lakini wewe ndiye uliyenifundi..."

"Najua nilichokufundisha. Leta begi."

Mto ulilijaza begi lote, tena tulilikalia wote wawili ndipo zipu ikafungwa, na mama mkwe akaongeza goti. Nguo zetu tukazivaa. Doru alipanda ndege na suruali mbili na mashati matatu, anatembea kama aliyebandikwa plasta mwili mzima. Mimi nilivaa gauni la njano juu ya suruali ya sufu, koti juu yake. Uwanjani mlinzi alipapasa begi, akafungua, akatazama mto, akatutazama sisi.

"Fungate," akasema Doru.

Mlinzi akafunga zipu.

Roma kulikuwa na jua la kutosha kuvua koti. Tulipata mgahawa kwenye kichochoro, meza ndogo ya duara nje, glasi mbili. Nilivua na ile suruali, msalani. Nikakaa. Hakupita mtu anayetujua. Nilidumu na hilo kama robo ya glasi, kisha nikamwona Catrina, tuliyempigia simu kumwelekeza, anakuja, amevaa ovaroli ya kazi chini ya koti, anatembea haraka kama wanavyotembea watu walioiba dakika. Doru akasimama, na kabla sijamkanyaga mguu, alikuwa ameshavuta kiti cha tatu.

"Kaa, dada Catrina. Unakunywa nini?"

Ndiyo basi, nikasema moyoni. Sasa atakaa, atauliza nani kaolewa, nani kafa, nani kajenga, atampigia simu Costel, na giza litaingia tukiwa arobaini. Nikatengeneza tabasamu langu la duka la dawa, maana huko ndiko ninakofanya kazi, na hilo huwa nalo tayari.

Catrina aliuchukua mto, akaufungua mfuko, akauzika uso wake humo. Alikaa hivyo muda mrefu. Wapita njia wakamtazama. Alipoinua kichwa, alikuwa na kinyoya kimoja kwenye nyusi.

"Bado mama anawalisha shayiri," akasema. "Inanukia."

Kisha akalitazama gauni langu, akazitazama glasi mbili, akakitazama na kile kiti.

"Hapana," akasema. "Sikai."

"Kidogo tu," akasema Doru.

"Hapana, Doru. Hii ni jioni yenu. Na Costel akiniuliza, sikuwaona." Akanibusu shavuni, akauweka mto chini ya kwapa, akaondoka na kile kinyoya chake usoni, na hakugeuka.

Doru alibaki anamtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Umesikia alivyoitoa?" akaniambia. "Hata hakutoa jasho."

Nikamshika mkono juu ya meza. Tukakaa vile, na watu wa Roma wakatupita bila hata kututazama.

Baadaye mhudumu akaja, akakigusa kile kiti cha tatu, akatuuliza kama kuna mtu tunamsubiri. Doru alijibu kabla yangu.

"Hapana," akasema, na ilitoka tumboni.