Mwaka Aliotahiriwa Mjomba Wabwile

Kitu cha kwanza nilichoona ni midomo yake. Dada yangu Rosaline alikuwa anamenya viazi kwetu Matisi, mtaani Kitale, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nilidhani anaomba. Siku ya tatu nikasogea karibu, nikasikia maneno ambayo hayakuwa Kiswahili, Kibukusu wala Kiingereza.

"Ni Kijerumani," akasema bila kuinua uso. "Najifunza kuhesabu. Usimwambie mtu."

Sikumwambia mtu. Mimi si mtu wa kusema.

Rosaline ndiye kifungua mimba wa Mama, mimi ndiye wa mwisho. Niliacha shule darasa la sita nikaletwa Kitale kumlelea watoto, ili yeye asome jioni akitoka kwenye duka la dawa za mifugo alikoajiriwa. Alisoma miaka minane. Alipohitimu digrii yake ya ustawi wa jamii, watoto walikuwa wameshaenda sekondari ya bweni, na kwenye ule mstari wa majoho hakukuwa na mtu mzima kumshinda. Tulipika chapati, tukapiga picha. Jumatatu akarudi dukani kuuza dawa ya kupe.

Alituma barua za kazi kila mahali. Ofisi moja ya Bungoma ilimwita, na msichana wa mapokezi akamuuliza, "Mama, umemletea mtoto wako fomu?" Rosaline alinisimulia hayo akicheka, kisha akaingia chumbani akafunga mlango.

Mwaka jana, mwezi wa tano, nafasi mbili zilikuja pamoja. Ya kwanza ilikuwa kontrakti ya mwaka mmoja katika makao ya watoto Endebess. Ya pili ilikuwa Ujerumani, kutunza wazee.

"Endebess ndiyo kazi niliyosomea," aliniambia. "Lakini mwaka ukiisha wanasema asante, nenda. Kule ni kuosha wazee, lakini ni kazi ya miaka. Na watoto watasoma."

"Wewe mwenyewe unataka gani?"

"Swali hilo ningeulizwa nikiwa na umri wako."

Alichagua Ujerumani. Tulienda pamoja kwa wakala, kijana anayeitwa Hillary, mwenye ofisi juu ya duka la nguo. Hillary alisoma vyeti vyote akitikisa kichwa kwa furaha mpaka akafika kwenye kitambulisho.

"Auntie, hapa kuna shida. Umeandikwa umezaliwa themanini. Hiyo ni arobaini na tano tayari, na hawa watu wanachukua walio chini ya hapo."

"Huo mwaka huenda walikosea," Rosaline akasema. "Baba hakukumbuka vizuri. Alimwambia chifu nilizaliwa mwaka ambao mjomba wangu Wabwile alitahiriwa. Wao wakapiga hesabu."

Hillary akacheka mpaka akavua miwani. "Ati mjomba! Sasa huko ubalozini nitaandika mjomba?" Alipoona dada hacheki, akairudisha miwani machoni. "Sawa. Tafuta mzee aliyekuwepo, aje aape kwa wakili. Tukipata hati ya kiapo, tunaanza kubadilisha. Lakini ni wiki hii, auntie. Si ijayo."

Kwetu wavulana hutahiriwa mwaka mmoja, kisha mwaka mmoja unarukwa. Kuna wa themanini, kuna wa themanini na mbili. Anayekosa msimu wake anangoja ule mwingine. Baba alishakufa, na mjomba Wabwile pia. Aliyebaki wa kuulizwa ni Mama peke yake.

Jumatano tukaenda Bokoli, nyumbani kwa Mama. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne na mahindi yake yalikuwa yamegeuka manjano kwa maji. Alikuwa barazani anachambua maharagwe. Nikakaa chini nikamsaidia. Rosaline akaeleza yote polepole: Ujerumani, wazee, hati ya kiapo.

"Huko ni mbali kuliko Nairobi?" Mama akauliza.

"Ni mbali sana, Mama. Ni ndege."

"Na mimi nikifa, huyo ndege atakuleta siku gani?"

"Mama, usianze."

"Sijaanza. Nauliza tu. Wewe ndiye wa kwanza. Nani atasimama mbele ya watu?"

Rosaline alisogeza kiti chake karibu. Akauliza, "Mjomba alitahiriwa mwaka gani? Themanini ama themanini na mbili?"

Mama alipeta maharagwe kwenye ungo mara mbili. "Themanini."

"Una hakika?"

"Nilicheza usiku mzima nikiwa nimekubeba mgongoni. Nitasahauje? Themanini."

Kisha akanitazama mimi, mara moja tu.

Kila msimu wa kupalilia nikiwa mtoto, Mama alinisimulia habari za Wabwile. Mwaka wa themanini alipiga njuga mpaka Webuye akialika ndugu, pombe ya busaa ikapikwa, watu wakaja. Siku mbili kabla, surua ikamlaza kitandani. Wageni walikunywa busaa ya bure wakaenda zao, na wavulana wa rika lake wakamzomea hadi alipokabili kisu cha tohara miaka miwili baadaye. Mama alikuwa akiisimulia akicheka huku akifuta machozi.

"Nabwile," Rosaline akaniita. "Wewe umeishi na Mama. Amewahi kukuambia tofauti?"

Nilitoa jiwe kwenye maharagwe nikalitupa uani.

"Sijui," nikasema.

Rosaline alisimama akafuta viatu vyake matope na gazeti. Hatukunywa chai. Ijumaa hiyo alitia sahihi kontrakti ya Endebess.

Kontrakti iliisha mwezi uliopita. Walimwambia asante. Amerudi dukani, na mwenye duka amemweka nyuma, kwenye magunia ya chakula cha ng'ombe, kwa sababu mbele kuna msichana mwingine sasa. Jioni anakaa na viatu miguuni na hawashi taa mpaka niiwashe mimi. Juzi Hillary alikutana nasi sokoni akasema Wajerumani bado wanachukua watu. Dada akamjibu, "Mwambie mjomba," na Hillary hakujua acheke au asicheke.

Kwa hiyo nayaandika hapa, kwa sababu mdomo wangu umekataa.

Dada, ulizaliwa themanini na mbili. Bado hujafika arobaini na tano. Mama alijua, na mimi nilijua. Yeye alitaka uwepo siku ya kumzika. Mimi niliona kwamba ukienda, mimi ndiye nitarudishwa Bokoli kukaa naye, kama nilivyoletwa Matisi kukaa na watoto wako, na hakuna atakayeniuliza nataka nini. Nilikuwa nimechoka kulea. Ndiyo maana nilisema sijui.